Shemeji, Kotabeki Hauzwi Kama Straika

Naomba ieleweke kwamba mimi ni mtu mzima mwenye staha zangu, na mtu akiniuliza swali kiungwana namjibu kiungwana. Lakini kuna maswali, jamani. Asubuhi hii shemeji yangu, aliyeingia huku Cleveland, Marekani, juzijuzi kutoka Temeke na tayari amevaa kofia ya rangi ya chungwa, amekoroga chai yake taratibu kisha akaniuliza: "Shem, kotabeki wetu mwaka huu ni nani?"

Eti wetu! Wiki tatu tu mjini. Hajui alichojiingiza. Kotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi kwenye futiboli ya Kimarekani, na timu yetu ya hapa ni Browns.

Tangu Browns warudi uwanjani 1999, walioanza mechi kama makotabeki wamepita 40. Daladala ya Mbagala haibadili makondakta namna hiyo. Msimu wa 2023 peke yake walianza watano: Watson, Thompson-Robinson, Walker, Flacco na Driskel. Na timu ikashinda mechi 11 kati ya 17, ili hata ukitaka kulalamika ulalamike kwa aibu.

Nikamweleza kuhusu drafti. Si ile ya vizibo vya soda kibarazani, hii ni ile ya kugawana vijana wanaotoka vyuoni, ambapo timu mbovu kuliko zote huchagua kwanza, kwa hiyo sisi tunaijua kuliko wengi. Mwaka 2007 tukamchukua kotabeki nafasi ya 22, Brady Quinn. Mwaka 2012 nafasi ya 22 tena, Brandon Weeden, kijana wa miaka 28, umri ambao wenzake wanatafuta mkataba wa pili. Mwaka 2014 nafasi ya 22, Johnny Manziel. Hakuna kati yao aliyedumu. Watu wangeshaifukiza ubani hiyo nafasi.

"Sasa huyu wa mkataba mkubwa," shemeji akasema, "si mumuuze? Uarabuni wanalipa vizuri."

Hapo ndipo chai yangu ilipopoa.

Shemeji, huku hakuna ada ya uhamisho. Hakuna klabu inayokuja na sanduku la pesa. Unabadilishana mchezaji kwa mchezaji, au kwa nafasi za drafti, kama watu wa kijijini wanavyobadilishana mbuzi. Machi 2022 sisi tulitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza, za 2022, 2023 na 2024, na nyingine za raundi za chini, kumleta kotabeki Deshaun Watson kutoka timu ya Houston. Kisha tukampa miaka 5 kwa dola milioni 230, zote za uhakika. Ligi ikamfungia mechi 11 msimu wa kwanza. Wa pili bega. Wa tatu kano ya kisigino. Mechi alizocheza kwa misimu hiyo mitatu ni 19.

"Basi mfukuzeni."

Nikavuta sahani ya maandazi. Nilikuwa bado nina subira.

Nikamwambia: kila timu ina kikomo cha mishahara. Mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2, hupiti hata senti. Andazi hili ni mshahara wa kotabeki kwa mwaka mmoja, milioni 46. Likiingia zima kwenye hesabu, hakuna nafasi ya kuwalipa mabeki, wapokeaji na wale majitu ya mbele wanaomkinga asivunjwe mbavu. Unafanyaje? Unamwachia mshahara wa chini kabisa, kama milioni 1, na milioni 45 zilizobaki unazibatiza jina: si mshahara tena, ni bonasi. Unampa zote mkononi mwaka huu huu. Ila kwenye daftari la ligi bonasi inaruhusiwa kugawanywa kwa miaka isiyozidi 5. Nikalikata andazi vipande vitano. Milioni 9 kila kipande. Mwaka huu anahesabiwa 10 badala ya 46, na wewe meneja unatembea kifua mbele kama umegundua mafuta.

"Lakini mkataba umebaki miaka miwili," akasema shemeji, ambaye si mjinga hata kidogo, ni mchokozi tu.

Ndiyo. Kwa hiyo wanaongeza miaka hewa. Wewe umetoka Bongo, wafanyakazi hewa unawajua, basi hii ni miaka hewa: imeandikwa kwenye mkataba, hakuna mtu atakayeicheza, kazi yake ni kubeba vipande vya andazi.

Nikageuka kuchukua sukari. Niliporudi, vipande viwili havipo.

"Shem, umekula 2027."

"Si umesema ameshalipwa?"

"Ameshalipwa."

"Basi limeshaliwa."

"Limeliwa, lakini bado linahesabiwa!"

"Tunadaiwa?"

"Hatudaiwi! Pesa zimetoka zamani! Ila kwenye kikomo bado hazijatoka!"

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyetapeliwa ambaye bado anamtetea tapeli. Akasema kwao duka la Mangi lina daftari kama hilo, ila Mangi akishalipwa anafuta. Nikamwambia NFL, hiyo ligi yetu, si Mangi. Ukimfukuza mchezaji leo, vipande vyote vya miaka ijayo vinaanguka juu ya meza kwa pamoja, na kwa sababu mkataba huu ni wa uhakika wote, mishahara iliyobaki nayo inaanguka. Ndiyo wanaita pesa mfu. Mwanzoni mwa 2025, kumfukuza kungekula zaidi ya nusu ya kikomo cha mwaka mzima. Ukisubiri upite tarehe 1 Juni unaruhusiwa kugawa maumivu kwa miaka miwili, lakini maumivu ni yaleyale.

"Na mkimbadilisha na timu nyingine?"

Anayepokea anabeba mshahara uliobaki. Vipande vya bonasi vinabaki kwako. Yaani mke ameolewa kwingine na mahari unaendelea kulipa wewe. Halafu hata akitokea wa kumpokea, mkataba una kifungu kinachompa mchezaji haki ya kukataa kuhamishwa.

Shemeji akanyamaza. Nikadhani ameelewa. Akauliza: "Nani alisaini?"

Sikujibu. Nilifuta meza.

Ilibidi nimpe na lile la 2017, maana lisipotoka linanichoma. Mwaka huo tulikuwa na nafasi ya 12 kwenye drafti. Tukawapa Houston, wao wakatupa nafasi ya 25 na raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata. Wao kwa ile ya 12 wakamchukua nani? Watson. Huyohuyo! Alikuwa anapatikana kwa nafasi moja, tukapisha foleni, miaka mitano baadaye tukarudi kumnunua kwa tatu. Haki itendeke, ile ya mwaka uliofuata ilituletea Denzel Ward, na Ward ni beki wa kweli. Lakini bado.

Tena Houston hawakukaa na nafasi zetu kama mapambo. Ile yetu ya 2023, iliyokuwa ya 12, waliitumia kupanda hadi ya 3 wakamchukua Will Anderson. Januari 2024 tukakutana nao kwenye mtoano. Tukafungwa 45 kwa 14. Flacco, mzee wa miaka 38 aliyekuwa ametubeba wiki zote zile, akarusha pasi mikononi mwa wapinzani katika zamu mbili mfululizo za kushambulia, na zote mbili zikarudishwa hadi mstari wa mwisho. Nafasi zetu zilitusindikiza nyumbani.

Mechi za Agosti, zile za kujiandaa kabla ya msimu, msiziamini. Timu zinaficha mipango yake, mabeki wa kweli wako benchi na taulo, safu ya ulinzi inasimama kawaida bila kumtumia kotabeki watu wa ziada wa kumvamia, na mtoto yeyote mwenye mkono mzuri anaonekana nabii. Agosti 2023 Thompson-Robinson aling'ara hivyo hivyo, wakaona Joshua Dobbs, mzoefu, hana kazi, wakampeleka Arizona. Wiki ya nne Watson akashindwa kucheza, mtoto akaambiwa siku ileile kwamba anaanza, tena dhidi ya timu ya Ravens. Pasi tatu zikaibwa, tukafungwa 28 kwa 3.

Mwaka 2025 wakapita upande wa pili: makotabeki wamejaa hadi mlangoni. Flacco amerudi, Pickett ameletwa, Gabriel raundi ya tatu, Sanders raundi ya tano. Kotabeki wa raundi ya tano ni rahisi, hafikishi hata milioni 5 kwa miaka yote 4, hapo sina neno. Neno langu ni mazoezi. Mazoezi yana idadi yake ya majaribio, haiongezeki kwa sababu umeongeza watu. Kikosi cha kwanza kinampa anayeanza karibu yote, wa pili anaokota makombo, wa tatu anashika ubao. Novemba Gabriel akaumia kichwa, Sanders akaingia kurushia wapokeaji ambao hajawazoea, zikafika pasi 4 kati ya 16, na watu wakashangaa! Wanashangaa nini? Flacco mwenyewe walikuwa wameshampeleka Cincinnati, majirani wa jimbo hilohilo, tunaocheza nao mara mbili kila msimu.

"Na hakuna hata mtu wa kwetu anayecheza huku?" shemeji akauliza.

Nikamwambia 2013 timu ya Colts ilikuwa na Mkenya, Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga.

"Kotabeki?"

"Hapana."

"Basi angefaa kwetu."

Nimechoka. Na sijaanza habari ya uwanja. Browns wanataka kuhamia Brook Park, kitongoji cha hapa, chini ya paa, maana baridi ya ziwani imeonekana ndiyo tatizo letu. Bajeti ya Ohio ya 2025 ilitenga dola milioni 600 kwa kazi hiyo, na zinatoka wapi? Kwenye fedha za wananchi zisizodaiwa: amana za nyumba, hundi zilizopotea, akaunti za watu waliohama wakasahau. Zikikaa zaidi ya miaka 10 zinachukuliwa. Yaani inawezekana kabisa amana yangu ya chumba cha kwanza, ambayo mwenye nyumba aliapa kwamba ameituma kwa posta, inaenda kuwa kipande cha paa.

Nimeingia kwenye tovuti ya jimbo kutafuta. Kuna watu wanne wenye jina langu, na jina limeandikwa kwa herufi tofauti mara zote nne. Wanataka anwani ya zamani. Nani anakumbuka namba ya nyumba ya wakati ule? Shemeji anasema tujaze ya Temeke, na anauliza kama maandazi yameisha.