Bakora kabla ya somo

Hapa Pemba bado wapo walimu ambao mtoto akichelewa humchapa getini, kisha baada ya kama nusu saa humwita ubaoni. Akibabaika, huambiwa mzembe na kuongezewa nyengine. Mimi naamini mtoto huyo anaonewa mara mbili: anachapwa, kisha analaumiwa kwa kusahau ambako huenda kumeletwa na bakora yenyewe.

Mwaka 1998 Dominique de Quervain, Benno Roozendaal na James McGaugh walichapisha katika jarida la Nature utafiti wao juu ya panya. Panya hao walikwishafundishwa kuogelea hadi kwenye kijukwaa kilichofichwa chini ya maji. Siku ya mtihani, baadhi yao walipigwa shoti ya umeme miguuni kwanza. Waliopimwa dakika 2 baada ya shoti walikumbuka, na waliopimwa baada ya saa 4 walikumbuka pia. Waliosahau ni wa dakika 30, wakati homoni ya msongo imejaa kwenye damu. Walipopewa dawa inayozuia homoni hiyo isitengenezwe, hawakusahau. Kwa hivyo njia waliijua! Kilichozuiwa ni kuikumbuka.

Mwaka 2000 de Quervain na wenzake wakaona jambo kama hilo kwa watu wazima waliomeza kidonge cha kotisoni, dawa ambayo mwilini hugeuka kuwa homoni ya msongo, kabla ya kuulizwa maneno waliyojifunza.

Kwetu sisi binadamu homoni yenyewe ni kortisoli, nayo huigusa hipokampasi, sehemu ya ubongo tunayoitegemea kukumbuka tulichosoma. Amigdala, inayoshughulikia hofu, husaidia tukio la kutisha likae kichwani. Ndiyo maana mtu mzima anakusimulia bakora ya darasa la tatu, nani alimpiga na alisimama wapi, lakini somo la siku ile hana habari nalo.

Watu husema, mbona sisi tulichapwa na tukasoma? Wapo waliosoma. Wapo pia walioikimbia skuli wakiitwa vichwa vigumu, na hao hatuwahesabu.

Nakubali, panya wa maabara si mtoto wa Micheweni. Basi kijana wetu anayetafuta mada ya uzamivu, SUZA au chuo chengine chochote, aje aipime hapa hapa. Kortisoli hupimika kwa mate, bila sindano. Kwa ridhaa ya wazazi, alinganishe watoto wa skuli zinazochapa na zisizochapa, awape na majaribio ya kumbukumbu. Matokeo ayasome kwanza mbele ya walimu na wazazi wa skuli zile zile, kabla hajayapeleka kwa wasimamizi wake.