Mhariri wangu ni nahodha
Nimesoma makala inayosema blogu ya mtu binafsi haiaminiki kwa sababu haina mhariri juu yake. Nusu nakubali, nusu nakataa. Naandika blogu yangu hapa Lamu kwa miaka kadhaa sasa: bei ya samaki kama tafi na kolekole, siku ambazo upepo wa kusi umefunga vyombo, nani kachelewa kurudi kutoka kisiwa cha Kiwayuu. Waandishi wa magazeti huja wakati wa maulidi au damu ikimwagika. Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2018 wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na bandari mpya ya Lamu, jirani yangu hakuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha alivua nini miaka ya nyuma. Ndipo nikaanza kuandika kila siku, na tarehe. Na kosa nimelifanya, tena kubwa. Niliandika jahazi limezama mlango wa Mkanda, kumbe limekwama tu kwenye fungu la mchanga. Mke wa nahodha akanipigia analia. Sikuifuta ile habari. Niliipiga mstari, nikaandika ukweli chini yake, na tangu hapo nahodha mwenyewe ndiye ninayempigia kwanza. Hatari hasa ambayo makala imeipita mbio ni nyingine: Juni 2025 Albert Ojwang alikamatwa kwa maandishi ya mtandaoni, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Mama yangu tangu siku ile ananisihi niondoe jina langu. Lakini bila jina, nani ataniamini? Nyinyi mnaoandika blogu huko Faza na Malindi, majina yenu mnayaweka?