Sugua Kwenye Nywele, Mzee

Asubuhi hii redio imetangaza kwamba mfumo umeboreshwa. Nikaizima palepale, nikakaa kimya kidogo kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Wenzangu mnajua. Mfumo usipoboreshwa, mtu anateseka kwa njia aliyoizoea. Ukishaboreshwa, anaanza kujifunza kuteseka upya, na walimu wenyewe nao wako mafunzoni.

Msemaji alikuwa na furaha kweli. Alisema uhakiki wa wastaafu sasa utafanyika kwa haraka, kwa urahisi na kwa uwazi. Umri nilio nao umenifundisha kwamba maneno hayo matatu ukiyasikia yameongozana, ujue siku hiyo utoke nyumbani na kiti chako mwenyewe.

Msinielewe vibaya. Anayepinga maendeleo ni shemeji yangu, ambaye ana maoni juu ya kila taarifa ya habari na hayamaliziki mpaka simu iishiwe chaji. Mimi nayapenda maendeleo. Nilichopinga wiki iliyopita ni kimoja tu: kushindwa kuthibitisha kwamba niko hai, ilhali nimesimama.

Nilifika mapema. Nikawakuta waliofika mapema zaidi, nao wakaniambia kuna waliolala hapo. Nikashika mkia wa foleni kwa heshima zote, shati limepigwa pasi, vyeti ndani ya bahasha, bahasha ndani ya bahasha nyingine. Yule bwana wa “mimi nauliza tu” alipita mbele yetu akauliza tu kwa dakika arobaini. Sitamzungumzia.

Zamu yangu ilipofika, kwenye dirisha namba nne alikaa binti mmoja mwenye adabu zake, na hilo nataka lieleweke, sina ugomvi na binti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nikusaidie nini?”

“Nimekuja kuhakikiwa kama niko hai.”

Akaniangalia. Na mimi nikamwangalia. Nikakohoa kidogo ili kumrahisishia kazi.

“Weka kidole hapo,” akasema.

Nikaweka kidole. Kimashine kikawaka taa nyekundu. Nikaweka tena, nyekundu. Binti akakifuta kioo kwa kitambaa, akanifuta na mimi kidole, nikaweka, nyekundu. Tukaenda kidole cha pili, cha tatu, tukahamia mkono wa kushoto, tukarudi wa kulia. Vidole kumi nilivyopewa na Mungu vikapita pale kimoja kimoja kama watuhumiwa, na vyote vikakataliwa.

“Mzee, vidole vyako havina alama.”

“Zilikuwepo.”

“Sasa zimekwenda wapi?”

“Ziko kwenye kuta za watu,” nikamwambia.

Nami nilisema kweli. Nimejenga miaka thelathini na moja. Saruji mbichi ni kitu kikali, inakula ngozi polepole bila hasira, na tofali linakuja kumalizia kilichobaki. Alama za vidole zinaumbika ukiwa bado tumboni mwa mama, hata mapacha wa kufanana hawana zinazolingana, na ndiyo maana serikali zikazipenda. Lakini aliyezipenda hakuuliza mwenye nazo anafanya kazi gani. Karani mstaafu anaweka kidole mara moja, taa ya kijani, anakwenda zake. Fundi aliyejenga ofisi ya karani anaambiwa hayupo.

Binti akafikiri. Akasema, “Mzee, labda vimekauka. Sugua kwenye nywele, upate mafuta kidogo.”

Nikavua kofia.

Kimya kikapita. Binti akaangalia kichwa changu, taa ya dari ikaonekana humo vizuri kabisa. Nyuma yangu mtu mmoja akacheka akajifanya anapiga chafya.

“Basi usoni,” binti akasema kwa sauti ya chini.

Nikasugua paji la uso. Taa nyekundu. Nikasugua pua, ambayo siku zote mke wangu anaisema kwamba ina mafuta. Siku hiyo haikuwa nayo. Ndipo kijana aliyekuwa nyuma yangu, aliyemsindikiza bibi yake, akainamisha kichwa. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zinang'aa kwa mafuta ya siku hiyohiyo.

“Mzee, tumia zangu.”

Nina wajukuu tisa. Nimekaa kwenye vikao vya ukoo, neno langu linasikilizwa. Na hapo nikawa nimesimama mbele ya umma, vidole vyangu kumi vimezama kwenye nywele za kijana nisiyemjua, nasugua taratibu kama ninayemwombea baraka. Bibi yake akanielekeza: “Sogea kwa nyuma, huko ndiko alikopaka sana.” Nikasogea kwa nyuma.

Watu wakaacha kugombania nafasi zao, wakajikusanya kutazama. Nikaweka kidole gumba: nyekundu. “Aaah!” foleni nzima. Nikaweka cha shahada: nyekundu. “Aaah!” Mmoja akapiga kelele, “Bonyeza kwa nguvu!” Mwingine akamjibu, “Usibonyeze, gusa tu!” Wakaanza kubishana wao kwa wao, mmoja anasema ana uzoefu wa miaka mitatu ya kukataliwa. Mimi narudi kichwani, nachota mafuta, narudi kwenye kioo, narudi kichwani. Kijana alinisubiri ameinama, na akiwa huko chini akanipa mazungumzo.

“Mzee, unajua koala ana alama za vidole kama za binadamu?”

“Koala ndiye nani?”

“Mnyama wa Australia. Anakaa mtini. Anaweza kulala hata saa 20 kwa siku.”

“Na alama anazo?”

“Anazo. Ukizitazama kwa darubini utadhani ni za mtu.”

Nikanyamaza. Mnyama analala saa 20, hajawahi kubeba hata nusu tofali, na angekuja dirisha namba nne angehakikiwa kabla hajapiga miayo. Nikauliza kama pensheni yake inaingia kwa wakati. Kijana akasema hajui.

Kidole cha tisa, kile kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho maisha yangu yote sijawahi kukipa kazi yoyote ya maana, kikawasha taa ya kijani.

Hamjawahi kusikia shangwe kama ile. Bibi alipiga kigelegele. Mimi mwenyewe nilikiinua kile kidole juu nikakizungusha foleni nzima ikione. Kijana akanyoosha mgongo. Binti akatabasamu, akageukia kompyuta yake, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

“Mzee,” akasema, “mtandao umekata.”

Nikakaa kwenye benchi kungoja mtandao urudi. Nilivyokaa nikakumbuka kile chombo cha anga cha Marekani, Voyager 1, walichokirusha mwaka 1977. Kiko mbali zaidi ya kilomita bilioni 24. Mwishoni mwa 2023 kikaanza kutuma maneno yasiyoeleweka, kama mgonjwa wa homa. Wataalamu hapa duniani wakakipa dawa kwa redio. Ujumbe unachukua zaidi ya saa 22 kufika na zaidi ya saa 22 jibu lake kurudi. Wakavumilia, na Aprili 2024 kikaanza tena kusema ya maana. Kompyuta zake ni za zama za ujana wangu, kumbukumbu yake haitoshi kuhifadhi picha moja ya simu ya mjukuu wangu. Na kinajibu! Mimi nilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kompyuta, nimekaa saa tatu, na kidole kimekubaliwa.

Nikarudi dirishani kuuliza itakuwaje. Binti akaeleza kwa upole kwamba muda wa uhakiki ukiisha na mtu hajahakikiwa, mfumo wenyewe utamweka kwenye kundi la marehemu.

“Lakini wewe unaniona,” nikasema.

“Mimi nakuona, mzee. Mfumo ndio haukuoni.”

Nikamsimulia habari za Lal Bihari, mkulima wa Uttar Pradesh kule India. Alikwenda kuomba mkopo katika miaka ya 1970 akaambiwa daftari la serikali linaonyesha amekufa, na ardhi yake imekwisha kupita mikononi mwa ndugu. Huyo bwana alikaa marehemu wa serikali mpaka 1994. Akaanzisha chama cha watu waliokufa. Mwaka 1989 akagombea ubunge dhidi ya Rajiv Gandhi, waziri mkuu wao wakati huo, ili mradi tu jina lake liandikwe mahali pa watu walio hai. Miaka karibu ishirini anatembea na kivuli chake, na daftari linamkana.

Binti alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini. Kisha akauliza, “Huyo alikuwa na alama za vidole?”

Akanishauri nijaribu kwa njia ya simu, nyumbani. Mjukuu wangu akanifungulia akaunti. Wakataka nywila yenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Alama! Za vidoleni nimezikosa, sasa wanazitaka kwenye nywila. Nikaandika jina la mama yangu, wakasema ni dhaifu. Mama yangu, ambaye alitulea watoto saba, dhaifu. Nikaongeza alama ya mshangao ili wajue nimeudhika, wakakubali. Baadaye mjukuu akaniambia kwamba Mmarekani mmoja, Bill Burr, ndiye aliyeandika masharti hayo mwaka 2003 akiwa katika taasisi ya viwango ya serikali yao, na kwamba mwaka 2017, akiwa amekwisha kustaafu, alisema anajutia sehemu kubwa ya aliyoandika. Namsamehe, kwa kuwa ni mstaafu mwenzangu. Ningependa tu kujua kama yeye wanamhakiki kwa vidole.

Kisha simu ikataka uso. Ikasema nitazame katikati ya duara, nigeuke kushoto polepole, nigeuke kulia, nifumbe macho, nifumbue. Nikageuka nikafumba. Ikasema mwanga hautoshi. Nikatoka nje. Ikasema mwanga umezidi. Mke wangu akanisimamia na khanga kunipunguzia jua, ikasema kuna nyuso mbili.

Ikaahidi kunitumia namba ya uthibitisho itakayodumu dakika 5. Tukaingoja, mimi, mke wangu na mjukuu, tumeizunguka ile simu kama kuku anayeatamia. Haikuja. Tukaenda kulala. Saa nane usiku ikalia: namba hiyo hapo, nisimpe mtu yeyote. Nikakurupuka nikaiandika huku miwani iko juu chini. Wakanijibu kwamba muda wake ulikwisha tangu jioni.

Shemeji amepiga leo baada ya ile taarifa ya redio. Anasema nisihangaike, akili mnemba inakuja na itaondoa watu wote wa madirishani, kila kitu kitakuwa chapuchapu. Nikamuuliza, na mashine hiyo nikiikoholea itanielewa? Hakujibu, akahamia kwenye lile jiwe la angani. Mnalikumbuka, 2024 YR4. Mwanzoni mwa 2025 wanasayansi walisema linaweza kuigonga dunia Desemba 2032, uwezekano ukapanda mpaka asilimia 3.1, na shemeji akaacha kulipa madeni. Siku chache baadaye wakapima tena wakasema hakuna hatari. Wakaomba radhi? Hawakuomba. Lakini angalau wao walipima tena. Jiwe liko mamilioni ya kilomita huko gizani, halijajaza fomu, halijasimama foleni, nao wanajua lilipo, linakokwenda na litafika lini. Shemeji bado haamini, anasema wanatuficha. Kama ni kweli, nami nina neno moja kwa jiwe: lije na vyeti halisi, nakala hawapokei.

Basi imebidi nirudi dirishani Jumanne, kwa sababu mfumo ulioboreshwa umefuta vidole vyote vilivyokubaliwa kwenye mfumo wa zamani, na kile changu kidogo cha kushoto kimo. Mke wangu amenunua mafuta ya mgando, mjukuu anasema nivae glavu usiku kucha nikiwa nimejipaka, na nimefanya hivyo usiku wa pili sasa, nashindwa hata kushika shuka. Kwa tahadhari nimempigia yule kijana, kwa maana tulibadilishana namba, kumwomba kama anaweza kumsindikiza tena bibi yake siku hiyo.

Anasema kuja atakuja. Ila jana amenyoa.