Sayansi katika darasa jumuishi: jaribio peke yake halitoshi

Tangu Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lililotaka watoto wenye ulemavu wasome shule moja na wenzao, nchi nyingi zimekubali elimu jumuishi kama sera. Katika somo la sayansi, hata hivyo, ubishi haujaisha: mwanafunzi mwenye ulemavu wa kujifunza, kama disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika maneno), aachwe agundue mwenyewe kwa majaribio, au afundishwe hatua kwa hatua?

Wanaotetea majaribio wana hoja nzito. Kitabu cha sayansi kimejaa istilahi. Usanisinuru, klorofili na stomata zaweza kufuatana katika aya moja, na anayehangaika kusoma neno hafikii wazo. Margo Mastropieri na Thomas Scruggs, watafiti wa Marekani, walionyesha kuwa wanafunzi wa namna hii hujifunza zaidi kwa vitendo kuliko kwa kitabu.

Wapo wanaopinga. Mwaka 2006 watafiti Kirschner, Sweller na Clark walidai kwamba kumwachia mwanafunzi asiye na msingi agundue bila mwongozo kunailemea kumbukumbu yake.

Chukua jaribio la jiwe linaloning'inia kwenye uzi. Inabidi kubadili urefu wa uzi bila kugusa uzito, kuhesabu mabembeo 10, kutazama saa na kujaza jedwali. Mara nyingi kikundi humpa mwenzao mwenye ulemavu wa kujifunza kazi ya kushika uzi tu, huku wengine wakihesabu na kuandika. Yumo mezani, lakini sayansi imempita. Nadhani hapa ndipo ujumuishi wetu unapofeli zaidi, na hatuoni kwa sababu darasa linaonekana lina shughuli.

Kwa hiyo nakubaliana na wa kwanza kuhusu vitendo, na wa pili kuhusu mwongozo. Mwalimu atoe swali, aonyeshe mara moja, agawe jedwali lililokwisha chorwa, kisha jibu alitafute mwanafunzi: uzi ukirefuka, jiwe hukawia kurudi, uzito ukibadilika, muda haubadiliki. Hilo linakula vipindi, na muhtasari haungoji. Ni gharama ya kweli, ingawa mada chache zilizoeleweka zina faida kuliko nyingi zilizonakiliwa.

Mtihani nao? Kumsomea swali au kumruhusu ajibu kwa mdomo si upendeleo, maana kinachopimwa ni sayansi. Kusoma grafu ni jambo jingine. Hiyo ni sayansi yenyewe, hivyo asisamehewe. Aongezewe muda na afundishwe upya hadi aiweze.