Mkeka wa mapema wa Supreme: jua kwanza farasi anaenda mbio ipi, mambo ya spidi yaje baadae

Wadau wa farasi tunaofatilia Cheltenham, lile tamasha la Machi la mbio za kuruka kule Uingereza, msimu wa kubeti mapema ukianza tu unakuta kila mtu ana jina lake mdomoni, huyu kasema farasi wa mkufunzi Mullins, yule kasema wa mkufunzi Henderson, na wote wanabishana nani ana spidi zaidi. Mi naona swali hilo tunaliuliza mapema mno. Kwa hawa chipukizi wa viunzi, ukiweka hela Desemba kwa mbio za Machi, cha kwanza kujua ni huyo farasi ataletwa kwenye mbio ipi, maana ukikosea hapo hata awe na spidi ya risasi hela yako imeshakwenda.

Kwa ambaye ndo anaanza: Supreme Novices' Hurdle ndo inayofungua tamasha la Cheltenham, Jumanne mchana, kama kilomita 3.3, viunzi 8, halafu mwishoni kuna kilima kinachomaliza farasi wengi ambao mpaka hapo walikuwa wanaonekana wazuri. Chipukizi maana yake ni farasi ambae kabla ya msimu kuanza alikuwa hajawahi kushinda mbio za viunzi. Lakini chipukizi hana mbio moja tu pale, Jumatano kuna nyingine ya kilomita 4.2 na Ijumaa kuna Albert Bartlett inayokaribia kilomita 4.8, na farasi mmoja anaweza kuandikishwa zote mpaka dakika za mwisho. Sasa sheria ya kubeti mapema ni kwamba asipokimbia kwenye mbio uliyomchagua dau limeliwa, haijalishi kaumia, kaugua, au mkufunzi kaamua tu kumpeleka siku inayofata.

Chukua mwaka 2024. Februari pale Leopardstown, Ireland, Ballyburn alimpiga Slade Steel kwa urefu wa farasi 7, na kwa umbali ule ule wa maili mbili, yani hapakuwa na ubishi nani mkubwa. Watu waliokuwa na Ballyburn kwenye mikeka ya Supreme walikuwa wanapiga hesabu za hela kabisa. Ikafika Machi, Willie Mullins akampeleka mbio ya Jumatano, akashinda kwa urefu wa farasi 13, na watano wa kwanza kwenye mbio ile wote walikuwa wa Mullins. Na siku moja kabla, Jumanne, Supreme alishinda nani? Slade Steel huyo huyo, wa Henry de Bromhead, juu yake Rachael Blackmore, kwa odi ya 7 kwa 2, ambayo kwa hesabu zetu ni 4.50. Kwa hiyo aliyempenda farasi bora kuliko wote alikosa kila kitu, na aliyekaa akajiuliza "hivi Ballyburn asipokuja Jumanne nani anafata" huyo ndo alikula hela.

Na hapa simlaumu Mullins hata kidogo. Mtu ana zizi lenye chipukizi kibao wa daraja la juu, wenye farasi tofauti tofauti, hawezi kuwaweka wote mbio moja wauane, lazima awagawe, na atawagawa akishaona nani anafanya nini mazoezini wiki za mwisho. Hiyo ni haki yake na ndo kazi yake. Ila sisi tunaobeti tunatakiwa tulihesabu hilo ndani ya odi. Farasi wa zizi kubwa mwenye odi ya 5.00 mwezi Desemba, ukijiambia ana nafasi nusu kwa nusu ya kuja Jumanne, ile 5.00 ina thamani kama ya 2.50, na je ungemkubali kwa 2.50 miezi mitatu kabla? Mi nisingemkubali.

Ndo maana nawapenda sana farasi wa mazizi madogo au ambao njia yao inaeleweka. Marine Nationale ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Alishinda Royal Bond, mbio ya chipukizi wa viunzi pale Fairyhouse, Ireland, Desemba 2022, hajapigwa hata mara moja, na Barry Connell alikuwa ndo mwenye farasi na ndo mkufunzi, hakuna kikao cha wenye farasi watano wa kubembelezana. Hakumkimbiza tena mpaka Machi 2023, wengi wakaona kapumzika sana, wakahamia kwa Facile Vega. Na huyo Facile Vega jina lake lilikuwa zito kabla hata hajaruka kiunzi, mama yake ni Quevega aliyeshinda mbio ya majike ya Cheltenham mara 6 mfululizo kuanzia 2009 mpaka 2014, na mwenyewe alishashinda bampa ya Cheltenham 2022, zile mbio za bila viunzi za kuwaanzisha farasi. Ukoo kama huo unashusha odi kuliko miguu yenyewe. Februari pale Leopardstown akakimbia vibaya kabisa, bado watu hawakumwacha, na Machi kwenye Supreme Marine Nationale akampiga, akiwa na kijana Michael O'Sullivan mgongoni. O'Sullivan tulimpoteza Februari 2025 baada ya kuanguka kwenye mbio pale Thurles, na mi kila nikiirudia video ile ya Supreme namwangalia yeye zaidi ya farasi, jinsi alivyotulia wakati wenzake wanahangaika. Mungu amrehemu.

Haya, ukishajiridhisha kwamba anakuja, sasa ndo tuongelee uwezo, na hapa napo naomba tuache kuangalia ameshinda kwa urefu wa farasi wangapi. Mbio za Novemba na Desemba nyingi chipukizi anakutana na farasi wa kawaida kabisa, kuwaacha kwa urefu wa farasi 15 kwenye tope haituambii kitu, nusu yao walikuwa wameshachoka kabla ya kona ya mwisho. Angalia anavyoruka. Weka video, punguza spidi, usimwangalie anapokuwa juu ya kiunzi, mwangalie hatua tatu kabla na hatua mbili baada. Farasi mwenye mashaka utamwona anainua kichwa, masikio yanacheza, anafupisha hatua, anajikusanya kama anataka kusimama, halafu anaruka juu sana kama vile anaruka ukuta, na akitua miguu ya mbele inakita chini na joki inabidi aanze kumsukuma upya. Mzuri unamwona hatua zake hazibadiliki kabisa, anaupitisha mguu wa mbele juu kidogo tu ya kiunzi, ambacho kwa wastani kina kama mita 1.07, na akitua tayari anakimbia. Mwenye mashaka akipoteza nusu ya urefu wa farasi kila kiunzi, mara 8 ni urefu wa farasi wanne, na kwenye mbio za chipukizi wasio na mchezo wowote wa kusubiriana, zinazokwenda moto toka bendera inashuka, hakuna pa kuurudisha huo urefu.

Kuna kingine watu hawakitumii, saa. Siku moja, uwanja mmoja, hali ya ardhi ile ile, umbali ule ule, ukiwa na mbio mbili za hivyo tayari una kipimo cha bure. Supreme ya 2022 Constitution Hill wa Nicky Henderson, Nico de Boinville mgongoni, aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 22, na wa pili alikuwa Jonbon aliyenunuliwa paundi 570,000, ndugu wa farasi maarufu Douvan, baba mmoja mama mmoja. Lakini mi kilichonishtua zaidi ya hizo 22 ni kwamba alimaliza kwa muda mfupi kuliko Honeysuckle alivyoshinda Champion Hurdle, mbio ya mabingwa wa viunzi, siku ile ile, kwa sekunde kadhaa, na Honeysuckle alikuwa malkia. Mwaka uliofata Constitution Hill akachukua Champion Hurdle yenyewe. Ukiwa unatafuta mkeka wa mapema wa Champion Hurdle ya mwaka ujao kutoka kwa chipukizi wa leo, anzia kwenye saa, ila tena lile swali la kwanza linarudi, maana washindi wengi wa Supreme hawabaki kwenye viunzi, wanapelekwa kwenye vizuizi vikubwa. Altior wa 2016 na Shishkin wa 2020 wote walikwenda huko mwaka uliofata na wakashinda Arkle, mbio ya chipukizi wa vizuizi hivyo, na aliyewawekea hela za Champion Hurdle mapema alikuwa anabeti mbio ambayo farasi hakuwa na mpango nayo.

Akili ya farasi nayo inapimwa, ingawa odi nyingine hazipimiki. Labaik alishinda Supreme 2017 kwa 25 kwa 1, farasi ambaye alikuwa na tabia ya kugoma kuanza, wenzake wanaondoka yeye kasimama. Siwezi kumshauri mtu amsubiri Labaik mwingine. Lakini namkwepa chipukizi anayevuta sana hatamu, anayetoka jasho jeupe shingoni kabla ya mbio, ukizingatia kelele za Jumanne ile wakati mbio ya kwanza inaanza, umati wote unapiga mayowe kwa pamoja. Kopek Des Bordes alikuwa na moto wa aina hiyo na bado akashinda 2025, sawa, ila alikuwa na uwezo wa kufidia, na odi yake ilikuwa ndogo mno kwa mkeka wa mapema.

Kwa wa nyumbani wanaoujua uwanja wa Ngong pale Nairobi, macho ya mbio za bila viunzi yanasaidia kujua spidi, kuruka inabidi kujifunza upya.

Kuhusu hela yenyewe: hela ya mkeka wa mapema inalala miezi, usiweke ya kodi wala ya ada. Na kadri Machi inavyosogea kampuni nyingi zinaanza kutoa ile ya "asipokimbia unarudishiwa", odi inapungua kidogo lakini ile hatari niliyoanza nayo inaondoka yote. Mi kwa farasi wa zizi kubwa nasubiri hiyo, kwa wa zizi dogo mwenye mpango mmoja naingia Desemba baada ya Royal Bond, nikiwa nimeangalia viunzi vyake vyote kimoja kimoja.