Ukiipunguza Zana, Ibadilishe na Jina

Anayefungasha zana huria za wasanidi programu, yaani anayeziandaa ziwe vifurushi vya kusakinishwa, ana haki ya kupunguza, na mara nyingi ana wajibu wa kupunguza, lakini kwa maoni yangu hana haki ya kukipa kilichopunguzwa jina la kitu kizima. Tuchukue lugha ya Python ndani ya Debian na Ubuntu, mifumo ya Linux. Mafunzo rasmi ya Python humwelekeza anayeanza atumie venv, moduli ya kuutengea kila mradi maktaba zake, iliyomo katika maktaba sanifu tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Mwanafunzi husakinisha python3, huandika python3 -m venv kama alivyofundishwa, kisha hujibiwa kwamba ensurepip, moduli ambayo venv huitegemea, haipo na kwamba hana budi kusakinisha kifurushi kingine, python3-venv. Ujumbe wenyewe umeandikwa vizuri, na mzoefu huumaliza kwa amri moja. Mtu wa siku ya kwanza, hata hivyo, hajui kama kosa ni lake, la mwalimu au la kompyuta, na kama bando limekwisha, somo limeishia hapo.

Debian haikufanya hivyo kwa ukaidi. Ensurepip hubeba nakala ya pip, zana ya kusakinisha maktaba za Python, na sera ya Debian haipendi nakala za programu zilizofichwa ndani ya programu nyingine, kwa sababu likigundulika tundu la kiusalama inabidi kila nakala isakwe na kuzibwa peke yake. Tena kila kinachoongezwa huja na jamaa zake. Mlango wa nyuma uliogunduliwa Machi 2024 katika zana ya kubana mafaili ya xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, uliilenga OpenSSH, programu ya kuingilia kompyuta kwa mbali, ambayo yenyewe haiitumii liblzma, maktaba ya xz. Njia ilipatikana kwa kuwa baadhi ya wafungashaji, wakiwamo wa Debian na Fedora, walikuwa wameiunganisha sshd, seva ya OpenSSH, na maktaba ya libsystemd ili iwasiliane na systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, na libsystemd ndiyo iliyokuja na liblzma. Kwa hiyo simlaumu anayeogopa kuongeza.

Lakini Debian hiyo hiyo inajua kupunguza kiungwana. Kihariri cha maandishi cha Vim kilichopunguzwa huitwa vim-tiny na huitikia amri ya vi, wala haijitwalii amri ya vim, kwa hiyo anayeandika vim akaambiwa amri haipo anajua papo hapo kwamba hajaisakinisha, badala ya kudhani anayo kisha akakosa rangi za sintaksia katikati ya kazi. Taswira rasmi za Python kwa ajili ya Docker, zana ya kuendeshea programu ndani ya makasha yaliyotengwa, nazo hufuata adabu hiyo: yenye jina tupu huja na kompaila na hukaribia gigabaiti 1, ilhali iliyopunguzwa hujitangaza kwa neno slim, na anayeichagua kisha akaikosa gcc, kompaila yenyewe, alikwisha kuonywa.

Mpaka wenyewe ningeuweka kwenye mafunzo rasmi ya wanaoanza: kinachofundishwa humo kiwemo, kingine kikae pembeni. Debian imeitenga git-svn, kiungo cha kwenda Subversion, na Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, na ni sawa, maana wengi wetu hatutaigusa Subversion, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo, maishani. Venv si ya kundi hilo. Siku hizi ipo python3-full, inayoleta vyote, ila anayeanza hana sababu ya kushuku kwamba python3 haijatimia. Jina la kupunguzia tayari lipo, python3-minimal. Wenye seva na walichukue hilo, na python3 irudishiwe venv yake.