Meli ya Pili Ndiyo Mbaya

Mdudu mgeni akionekana kwenye kontena pale Kurasini, bandarini Dar es Salaam, swali la kwanza huwa: wako wangapi? Wakiwa wachache, watu hushusha pumzi. Kwangu hilo ni swali la kizembe.

Watu hudhani wachache hawana jeni za kutosha kuzoea nchi mpya. Hesabu inakataa. Waanzilishi 10 wasio ndugu hubeba takriban asilimia 95 ya tofauti za jeni za kundi walikotoka, kwa kipimo cha heterozigosi, yaani nafasi ya nakala mbili za jeni zilizookotwa kwa bahati kuwa tofauti. Hata wawili tu hubeba asilimia 75. Kinachopotea ni aina adimu. Aina ya jeni iliyo na asilimia 1 tu huko kwao ina nafasi ya asilimia 18 hivi ya kuwemo katika hao 10. Baada ya hapo kasi ya kuzaana ndiyo inayoamua. Wakiongezeka upesi hasara huishia hapo. Wakibaki wachache, kila kizazi hupunguza kidogo tena.

Sasa ije meli ya pili, kutoka bandari nyingine. Inaleta zile aina adimu zilizokosekana, na wageni wa awali wanachanganyika na wapya. Mijusi wa kahawia wa Kuba waliingia Florida zaidi ya mara moja kutoka sehemu tofauti za kisiwa hicho, na leo wale wa Florida wana mchanganyiko wa jeni mkubwa kuliko kundi moja moja la kwao. Kwa hiyo ile kauli ya "huyu ameshaingia, tukague nini tena?" haina mashiko. Spishi iliyokwisha kuingia inastahili kukaguliwa kama ile ambayo bado.

Mageuko mengine hutokea pembezoni, mahali wageni wanapofika kwanza. Vyura wa miwa walipelekwa Queensland, Australia, mwaka 1935, kama 100 hivi. Mwanzoni walisonga kilomita 10 hivi kwa mwaka. Baadaye zaidi ya 50. Waliotangulia walikuwa wale wenye miguu mirefu, wakazaana wao kwa wao huko mbele kwa sababu hakukuwa na wengine. Gharama nayo ikaja: baadhi ya wale wakubwa wa mbele wana baridi yabisi ya uti wa mgongo. Ukipima vyura wa mahali walikoanzia tu, hutaliona hilo.

Ila si kila ujanja ni mageuko. Kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na ambaye leo anapigia kelele kila jalala la Dar es Salaam, akikwepa mtego amejifunza, hajabadilika jeni. Gugumaji la Ziwa Victoria nalo huzaana zaidi kwa vipande vyake, karibu nakala tupu, na bado lilifunika maji. Kutenganisha mambo haya kuna njia moja ya kuaminika: chukua wa pembezoni na wa mahali walikoanzia, wafuge pamoja kwa chakula na joto lilelile, na upime wajukuu, si watoto. Watoto bado wana athari ya lishe ya mama zao. Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika, kwa kuwa vizazi viwili vinachosha na bajeti huisha kwenye cha kwanza.

Lakini kujua jeni zimebadilika vipi tangu walipofika hakuwezekani bila sampuli za mwaka wa kwanza, na hizo ndizo tunazotupa. Kusanya 30 kwa kila eneo: hao wana nakala 60 za kila jeni, mbili kwa kila mmoja, na aina yenye asilimia 5 utaikuta mara 95 katika 100. Kwa wadudu wakubwa kata mguu au msuli wa kifua, uache tumbo, maana lina vinasaba vya alichokula. Weka kwenye ethanoli ya asilimia 95, ujazo mara tano ya nyama au zaidi, na kesho yake mwaga uweke nyingine, kwa kuwa maji ya mwilini yamekwisha kuizimua. Formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, ni marufuku, inavunja vinasaba. Andika tarehe na mahali kwa penseli kwenye karatasi itakayokaa ndani ya chupa. Wino wa peni huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka kwa joto letu hili la Februari.